Nilifunga subframe ya mabomba kwenye Altezza, Jumamosi nikampakia mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa hapa Temeke, na nikitia chumvi nipate pancha kwenye foleni ya Mbagala, mchana wa jua kali, AC imekufa.

Nina gari, Altezza, manual, gia za mkono. Naipenda kuliko inavyostahili. Wife analijua hilo, ndiyo maana haipendi.

Mama mkwe ndiyo kabisaa. Anaiita gari la wahuni. Mara ya mwisho nilimpakia, akashuka njiani akaita bajaji. Bajaji wakuu! Nikabaki nimepaki pembeni kama nimefukuzwa kazi.

Basi wife akatoa hukumu: "Baba Nasri, Jumamosi unampeleka mama kwenye shughuli ya dada yake Kigamboni. Akilalamika hata kidogo, hili dude linauzwa, tunachukua Noah, gari la familia."

Mtu mwenye akili zake angeosha gari, akaweka manukato, akatulia.

Mie nilikuwa nimeshashusha injini.

Kwa wasiojua, subframe ni lile chuma la mbele linalobeba injini, steering rack ya usukani na arm za chini zinazoshika matairi. Iliyokuja na gari ni nzito balaa. Ukichonga ya mabomba, pua inakuwa nyepesi na gari linaingia kona bila ubishi. Jumapili huwa tunakutana Kigamboni kutambiana kwenye kona, na nilikuwa nimechoka kuona taa za nyuma za wenzangu.

Nikamfuata Mudi, fundi wa kuchomelea pale Kiwalani. Kazi yake hasa ni mageti na madirisha, ila kwenye magari ana kichaa kama changu. Akaifunga subframe ya zamani kwenye meza ya chuma, akachukua vipimo vya matundu yote, akaunga mabomba mapya kufuata hivyo hivyo. Kazi safi, sina la kusema.

Alipomaliza akaniuliza, kakaza uso kabisa, "Nikuwekee na maua?"

Mazoea ya mageti hayo. Nikamwambia braza, acha.

Balaa lilikuja kwenye mounting, zile raba zinazokaliwa na injini. Zilikuwa zimechoka. Mudi akasema tufunge chuma kwa chuma, injini isicheze kabisa. Nikasema twende. Hapakuwa na mtu mzima pale.

Tukawasha. Loh! Gari zima linatetemeka, kuanzia usukani hadi meno yangu. Mudi akasema hiyo ndiyo racing, nami nikakubali. Nikapitisha alignment, matairi yakanyooshwa, nikajaribu kona moja ya karibu, mambo moto! Pua inafuata mkono. Kwa raha niliyokuwa nayo nikasahau kabisa kuwa kesho yake ni Jumamosi.

Asubuhi tuko Chamazi kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Jibu fupi, jicho kwenye gari.

Akakaa mbele, wife nyuma. Nikawasha. Bangili za mama zikaanza kulia zenyewe.

Wife akanitazama kwenye kioo. Nadhani alinitazama, maana kioo chenyewe kilikuwa kinatetemeka sioni kitu.

Nikaendesha kama nimebeba mayai. Sasa gari likitembea kuna nafuu, likisimama huku linanguruma ndiyo unaupata mtetemo wote. Na foleni ya Kongowe siku hiyo haikuwa na huruma. Mama kafumba macho, midomo inacheza, sijui anasoma dua gani. Jasho linanitoka. Kichwani naiona Noah, nyeupe, ina pazia.

Tukafika Kigamboni. Wife akashuka, akamfungulia mama mlango. Mama hashuki.

Nikajua yamekwisha. Nikapeleka mkono kuzima gari.

"Usizime kwanza," mama akasema.

Mimi na wife tukatazamana.

"Mkwe wangu, umeweka nini humu? Mgongo wangu huu siku nyingi haujakandwa hivi. Niacheni kidogo."

Wife mdomo wazi. Nikajikaza nisicheke, nikajibu kwa adabu zote, "Nimeirekebisha kidogo mama, kwa ajili yako."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nyie mngesema nini?

Mama akamwita dada yake, mwenye shughuli, aache wageni aje akae. Akakaa. Akatoka anajinyoosha, akamwita jirani. Mafuta yanaungua, gari halijasogea hata hatua.

Jioni mama akatangaza mbele ya wife: "Gari hii asiiuze mtu."

Nikashangilia moyoni. Kumbe hajamaliza: kila Jumapili nimpelekee.

Basi Jumapili nyie mnapiga kona, mie nimepaki Chamazi mbele ya kibaraza, injini inanguruma, mama kalaza siti anakunywa tangawizi. Pua nyepesi ninayo, kona sijaiona tena.

Nilipomdokeza wife kwamba nataka kurudisha mounting za raba, akatabasamu tu. "Rudisha. Siku ikiacha kutetemeka, Noah."

Nilichojifunza: kabla hujafunga chuma kwa chuma, jiulize nani atakaa siti ya mbele.

Wenye uzoefu shusheni maoni. Ushauri wa kuuza gari mpelekeeni wife, huko una soko. Mie nauliza moja tu: kuna namna ya kuzuia mtetemo kwenye siti ya dereva peke yake?