Mume Wangu Hakujua Nimebadilisha Diski ya Kamera za Duka

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana kwa kina mume wangu watu wanasoma page hii kuliko Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa wasichana wawili, naishi Kabiria. Nina duka la wigi mjini, kwenye zile stoli za ghorofani, na nililianzisha kabla sijaolewa. Mume wangu ana kazi yake ya kuvaa suti na kuongea kwa sauti nzito. Dukani huja “kunisaidia”, yaani kukaa kwenye kiti changu na kuchangamkia wateja warembo. Dada yake, nitamwita Rahab, ana saluni Kinoo na ndiye huongoza maombi ya akina mama kanisani kwao. Akishika maombi, hata spika hazihitajiki. Na kwa Rahab kila mtu duniani ni mwizi, isipokuwa yeye na kaka yake.

Mwaka jana wigi zikaanza kupotea, zile za bei, za nywele halisi. Wote wawili wakasema ni Mwende, msichana aliyekuwa akiniuzia. Kamera tulikuwa nazo, lakini DVR, kile kisanduku kinachohifadhi picha, kilikuwa cha zamani na diski yake ndogo. Ikijaa inafuta za nyuma na kurekodi juu yake. Kila tukigundua kitu hakipo, picha zimeshaenda. Mume wangu anatikisa kichwa kama hakimu. “Unaona? Hakuna kitu. Lakini mwizi si tunamjua?”

Nikaenda Kitui kumuuguza mama yangu. Kurudi, Mwende hayupo. Jirani wa stoli ya pili akaniambia Rahab alimwaga mkoba wa yule msichana sakafuni pale korido, pedi na chakula chake vikatapakaa, watu wakiangalia, na mume wangu amesimama mlangoni mikono mfukoni. Nilimpigia Mwende simu. Alisema tu, “Madam, mimi sijawahi,” akakata. Baada ya hapo hakuna mtu kwenye jengo lile alitaka kumwandika kazi.

Nikamwambia mume wangu tuweke diski kubwa. Akacheka. “Ya nini? Hiyo iko sawa. Ama unataka kuangalia sinema ya nani?”

Nilienda mwenyewe kwa fundi wa kamera. Akaangalia kile kisanduku akasema, “Madam, hii imezeeka, diski kubwa sana haitasoma. Nitakuwekea kubwa yenye inaweza beba, na iwe ya kamera, si ya kompyuta. Itakaa na picha zaidi ya mwezi.” Akafungua skrubu, akatoa ile ndogo, akafunga mpya, akaiformati iwe tupu na tayari kurekodi, akarekebisha saa na tarehe. Kisanduku kikarudi juu ya rafu kikiwa vilevile na vumbi lake. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nimechoka tu kuchekwa.

Nikaandika msichana mwingine, Shiro. Haikupita muda wigi zikapotea tena. Jumamosi moja mume wangu akaingia na dada yake nyuma. “Huyu pia aende. Leo leo.” Rahab tayari ameshika mkoba wa Shiro.

Nikasema, “Baba Joy, tuangalie kamera kwanza.”

“Angalia,” akasema, anajinyoosha kwenye kiti changu. “Si unajua hiyo kitu huweka siku chache tu.”

Nilirudisha nyuma hadi Jumapili, siku ambayo sisi hufunga. Mlango unafunguliwa. Mume wangu, na funguo zake. Anawasha taa. Rahab anafuata na gauni la kanisani na mkoba mkubwa. Anajaribu wigi mbele ya kioo changu, anajizungusha, na kaka yake amemshikia mkoba huku anacheka. Nikamgeukia Rahab. Wigi yenyewe ilikuwa kichwani mwake Jumamosi hiyo hiyo, amesimama nayo dukani mwangu akimwita msichana wa watu mwizi.

Mnajua mume wangu, mzee mzima, alisema nini? “Hiyo mashine imekosea tarehe.”

Rahab akaweka mkoba wa Shiro chini pole pole. “Hii ni mambo ya familia. Mtu hawezi kuibia kaka yake.”

“Duka ni la kaka yako?” nikamuuliza. Akatoka bila kuaga.

Sasa mume wangu anataka diski mkononi mwake. Mama yake amenipigia kuniambia mwanamke mwenye hekima hufunika nyumba yake. Ndugu zangu, sina hata hasira. Namwangalia huyo mwanamume mezani akipuliza chai yangu, namuona kama mtoto aliyekojoa kitandani akasingizia paka.

Nilimtafuta Mwende. Siku hizi anafulia watu nguo Kawangware. Nilimwomba arudi kazini akakataa. “Sitaki kazi, madam. Nataka waje pale korido waseme si mimi, mbele ya wale wale watu.” Nilipomfikishia mume wangu maneno hayo, alisema afadhali ahame nyumba kuliko kuomba msamaha kwa msichana wa duka. Hajahama. Chakula bado anakula.

Ningeonyesha jengo zima ile picha kesho asubuhi. Lakini wasichana wangu wanampenda baba yao, na mji huu hauna siri, watamwona kwenye simu za wenzao shuleni. Nikinyamaza, Mwende ndiye atabaki mwizi mpaka azeeke. Nyinyi mnaosoma hapa, hasa akina mama: mngekuwa mimi, mngeanza na nani, Mwende au wasichana wangu?