Jiwe la Juni

Orval Stenquist alikuwa amechoka kabla hata hawajaliacha gari. Alichoshwa na goti walilolipasua madaktari majira ya baridi, akachoshwa zaidi na watu wa mjini kwao Wyoming: "Mzee, goti linaendeleaje?" Mtu aliyeendesha greda la kusafisha theluji barabarani maisha yake yote, leo anaulizwa habari za goti!

Lakini Juni ni Juni. Barafu ikianza tu kupasuka kwenye maziwa ya juu milimani, yeye na mdogo wake Delmar hupanda na mashanta yao, kabla watu wengine hawajathubutu. Na kila Juni, tangu ujana, kwa zamu, mmoja humfichia mwenziwe jiwe ndani ya shanta. Aliyebebeshwa hulikuta ziwani, hutukana weee, kisha hulitupa kwenye rundo lao pale ukingoni.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Delmar. Orval hakumwambia mtu, ila moyoni alikuwa amejiwekea kipimo: Delmar akinitwisha jiwe, basi mimi bado mzima. Asiponitwisha, nimekwisha.

Alfajiri theluji ilikuwa ngumu, wakatembea vizuri. Jua lilipopanda ikalainika, ikawa inawameza miguu hadi mapajani. Kila Orval alipochomoa mguu, goti lilimwaka moto.

"Vipi, babu, nikuitie farasi?" Delmar alimtania.

"Mwite akubebe wewe na kitambi chako!"

Mdomo ulikuwapo, pumzi hakuna. Shanta lilimkata mabega, naye akalilaani huku akifurahi. Mshenzi huyu, safari hii kaniwekea jiwe la haja! Furaha hiyo ndiyo iliyomfikisha juu.

Barafu ya ziwa ilikuwa imeyeyuka ukingo mmoja tu. Orval aliketi juu ya mwamba, akatoa soksi, blanketi, unga wa chapati. Akapapasa mpaka chini. Hamna kitu.

"Jiwe liko wapi?"

Delmar alijitia kuhangaika na jiko. "Nimesahau, bwana."

"Wewe? Usahau?"

"Sasa Orval, na goti hilo..."

Ndipo Orval alipolitazama shanta la mdogo wake: hema zima, jiko, sufuria, kamba, vyote walivyozoea kugawana. Kumbe uzito alioulaani siku nzima ulikuwa soksi na unga. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Bora ungeniacha nyumbani," alisema.

Walikunywa kahawa, wakalala.

Asubuhi, kabla ya kushuka, Orval alilisukuma shanta lake kwa Delmar likiwa wazi. "Tia."

Delmar akaokota kijiwe kama yai. Orval akakichukua, akakitupa majini.

"Nimesema jiwe, Delmar."

Delmar alikwenda kwenye rundo, akakawia. Alirudi amelikumbatia moja kwa mikono miwili, anahema, akalishusha ndani bila mzaha wowote. Orval akafunga kamba mwenyewe, akajaribu kuinuka nalo, akashindwa.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Sasa nipe mkono."