Kongo Kuna Saa Mbili

Kitambaa kibichi kikipigwa pasi ya moto hutoa harufu kama ya mbwa aliyenyeshewa, na hadi leo harufu hiyo hunitia hasira. Ndiyo iliyojaa katika ujia wa mafundi cherehani mtaa wa Fordsburg huko Sauzi, baridi ya mwaka 2017, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila nikitoka shule nilikaa kando ya meza ya baba nikifumua suruali za watu. Cherehani ya pili ilikuwa ya Mama Rehema, Mtanzania aliyeolewa na Msauzi aliyewahi kuishi uhamishoni Morogoro. Yeye na baba walichukiana kwa bidii. Waligombania wateja, soketi ya umeme, hata kile kijua kidogo kilichoingia mlangoni.

Baba alitoka Lubumbashi, na hakuwa na cha kuringia isipokuwa kuijua nchi yake. Aliyekuja kupunguza suruali aliondoka ameambiwa kwamba mto Kongo unavuka ikweta mara mbili, na kwamba Kinshasa inatazamana na mji mkuu wa nchi nyingine ng'ambo ya maji. Siku moja akaja kijana Mkenya, daftari mkononi, anakwenda Kongo kuwaandikia wasafiri. Siwapendi watu wa namna hiyo. Hupita kwenye nchi za watu kama wanaochagua nyanya.

"Mzee, nipe kitu watu hawajui."

Baba akaacha kukanyaga cherehani. "Kongo kuna saa mbili."

"Asubuhi au usiku?" akauliza Mama Rehema bila kuinua macho.

Ujia mzima ukacheka. Baba akaeleza kwamba Lubumbashi ikiwa saa sita, Kinshasa ni saa tano. Kicheko kikazidi.

"Fundi, Kinshasa yenyewe umefika?" Mama Rehema akaendelea.

"Sijafika."

"Sasa hiyo saa ya huko umeivaa mkono gani?"

Baba akanigeukia. "Mutoto yangu anasoma. Mado, waambie."

Nilijua ni kweli. Wiki moja kabla nilikuwa nimeuona mstari unaozigawa saa hizo mbili kwenye atlasi ya shule, nikakimbia kumwambia, naye akafurahi hadi akaninunulia maandazi. Nikazitazama zile nyuso zilizokuwa zikinisubiri.

"Baba anatania," nikasema.

Mkenya akaifuta sentensi yake kwa mstari mmoja. Baba hakunipiga, afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo alinipa amri tupu: lete uzi, shika hapa, ondoka kwenye mwanga. Kuhusu Kongo hakunieleza tena chochote, nami nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu. Miaka miwili baadaye niliacha shule, na sijawahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima.

Mwezi uliopita nilifika Kinshasa. Simu yangu ilirudi nyuma saa moja yenyewe, bila kumwogopa mtu. Nyumba ya wageni imejaa wasafiri wenye orodha zao za okapi na sokwe; hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari ya saa. Siku ile kusema kweli kungenigharimu kicheko cha ujia mmoja. Leo nimepanda malori ya nusu ya Afrika ili niiseme, na aliyestahili kuisikia yuko kulekule Fordsburg. Nikampigia.

"Baba, huku Kinshasa ni saa tano."

Nilisikia cherehani ikisimama. Kwake ilikuwa saa sita.

"Asubuhi au usiku?" akauliza, kisha akakata simu.