Fukuto la Fundi

Tangu atibiwe saratani ya tezi dume, miaka sasa, fundi cherehani huvamiwa na fukuto katikati ya mshono. Mguu huacha pedeli, macho hupotelea dirishani kama ya mtu anayeelea usingizini. Mkewe, anayemshonea vifungo, analijua joto hilo. Lilimtesa alipokoma hedhi.

“Limekuja, baba?”

“Limekuja.”

Basi mkewe hufungua dirisha, humpepea kwa karatasi ya kukatia suruali.

Leo asubuhi fundi aliuliza, “Enzi zako, mama, nani alikupepea?”

“Nani anipepee? Nikifungua dirisha, wewe ulikuwa unafunga, unalalamika baridi.”

Fundi aliichukua ile karatasi mkononi mwa mkewe, akaanza kumpepea yeye, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Nje kulikuwa na baridi kali. Mkewe alitetemeka, akafumba macho, wala hakumwambia aache.