Sentimita Nne za Fimbo ya Mnyapara

Wanaonijua husema nikiumwa na mbu nitasimulia chui. Ni kweli, na sijuti. Niliwahi kuvuka mto Themi maji yakiwa kifundoni, na wajukuu wangu wote wanajua siku ile niliogelea nikiwa na ndama begani. Lakini upo urefu mmoja ambao sijawahi kuuongeza wala kuupunguza: sentimita nne. Kwa ajili ya hizo nne mtu mzima alilazwa kifudifudi mbele ya majirani zake, na binti yake mdogo akaamini kwamba yeye ndiye aliyemlaza.

Zilikuwa zamani za Mjerumani. Mimi nilikuwa nimehitimu shule ya usiku ya misheni. Mchana nilipasua mbao, jioni nikaingia darasani. Taa ilikuwa moja, na benchi langu lilikuwa mbali nayo kiasi kwamba mwanga ulinifikia ukiwa umechoka. Rula nayo ilikuwa moja. Ilipitishwa benchi kwa benchi, na kila ilipokaribia kwetu, kengele ililia. Kwa hiyo somo la kupima nilihitimu kwa kutazama migongo ya waliokuwa wakipima. Haikunizuia. Nilipopewa darasa la watoto wadogo huko juu kwenye migomba, pamoja na rula yangu mwenyewe ya mbao, sentimita thelathini, nilitembea nayo mkononi kama jumbe mwenye kanzu mpya.

Watoto hawakuwa wageni wa kupima. Makwao walipima kwa shubiri, kwa mkono, kwa hatua. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kwamba shubiri ya baba si shubiri ya mtoto, lakini rula haina baba wala mtoto. Tukapima kila kitu. Tulipima jani la mgomba, mpini wa jembe, sikio la mbwa wa misheni. Tulipima mguu wangu, wakashika vichwa, maana kwa mguu ule ningeweza kukanyaga huku Elerai na kule mbali Oldonyo Sambu kwa wakati mmoja.

Sasa, rula ile ilianza na mstari mtupu kwenye ncha yake. Hapakuandikwa chochote pale. Namba moja ilikuwa ndani kidogo, upana wa kidole cha mtoto. Binti mmoja wa miaka minane hivi, mwenye tabia ya kuuliza mambo yaliyokwisha kuamuliwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuanzie kwenye mstari au kwenye moja?"

"Ukihesabu ndizi unaanza na ngapi?"

"Moja."

"Basi! Nani aliwahi kula ndizi ya sifuri?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mstari mtupu, akanitazama mimi, kisha akaweka moja kwenye ukingo wa benchi kama nilivyoagiza. Alikuwa mtoto mtiifu.

Mwaka ule watu walikuwa wanachimbishwa barabara ya kupandia mlimani. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mita ishirini: kung'oa visiki, kutoa mawe, kusawazisha. Vipande vilipimwa na mnyapara kwa fimbo yake ya mita moja. Yeye alikuwa mtu wa mbali, mwenye ulimi mkali, na hakuna aliyempenda. Baba yake binti yule alipata kipande chenye mawe. Alikuwa mkulima wa migomba, mpole, wa maneno machache.

Siku moja binti alimpelekea baba yake chakula. Mnyapara alikuwa ameegemeza fimbo yake kwenye kisiki, akila. Mtoto, kwa kuwa mwalimu wake alimwambia apime kila kitu, aliipima kwa rula niliyomwazima. Alirudi shuleni mbio, hajapumua.

"Mwalimu! Fimbo ya mnyapara si mita. Thelathini, sitini, tisini, halafu kumi na nne. Mia na nne!"

Ningekuwa na akili ningeuliza mara mbili. Mimi niliruka. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilisimama juu ya jiwe nikatangaza kwamba watoto wangu wamemkamata mnyapara. Fimbo inazidi sentimita nne, na nne mara ishirini ni themanini, yaani kila nyumba inachimba hatua nzima isiyo yake.

Baba yake binti alisogea.

"Una hakika, mwalimu?"

"Mzee wangu, rula hii ikisema neno, Kaisari mwenyewe anavua kofia."

Watu walicheka. Yeye aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa mzigo na kuukubali.

Wiki iliyofuata alimaliza kipande chake, akaacha mwishoni tuta la udongo na mawe, sentimita themanini kamili kwa kipimo chetu. Upande huu barabara imesawazishwa, upande wa pili kipande cha jirani kimesawazishwa, katikati tuta limekaa kama kitanda cha mtoto. Akaweka jembe begani.

"Mzee," mnyapara akamwita, "hicho umekisahau au unakifuga?"

"Si changu. Ni cha fimbo yako."

"Fimbo yangu imelima lini?"

"Fimbo yako ina mia na nne. Watoto wa shule wameipima."

Wachimbaji waliokuwa karibu walipiga mluzi. Mnyapara hakupandisha sauti, na hilo lilipaswa kuwatisha. Akatuma watu wawili: mmoja kwa mzungu wa barabara, mwingine shuleni kuniita mimi, na rula yangu, na mtoto aliyeipima fimbo.

Tulipofika, mzungu alikuwa ameshakuja na mita yake ya chuma. Mnyapara akailaza fimbo ubavuni mwa chuma hicho. Ncha kwa ncha, mwanzo na mwisho. Hata ukucha usingepita.

"Haya, mwalimu," mnyapara akasema. "Pima na wewe."

Nikainama. Nikaweka rula juu ya chuma, moja yangu kwenye ncha yake, kama nilivyofundisha. Ndipo nikaona. Kwenye kile chuma, moja haikuwa kwenye ncha. Ilikuwa ndani kidogo, upana wa kidole cha mtoto, na ncha yenyewe haikuandikwa kitu. Sentimita ya kwanza ilikuwa ile nafasi tupu niliyoifanyia mzaha wa ndizi. Kila mara mtoto alipoweka rula, nilimfundisha kuhesabu sentimita moja ambayo haikuwepo. Alikuwa ameiweka mara nne. Nne ndizo zilizozidi. Mnyapara, mtu tuliyemchukia kwa mengine mengi ya haki kabisa, kwenye fimbo alikuwa mwaminifu.

"Nani kakosea?" akauliza. "Fimbo, chuma, au mtoto?"

Mimi, mwenye mdomo uliojaza uwanja wa kanisa, nilijibu nikiitazama rula.

"Watoto... mikono yao bado haijazoea."

Binti aliutazama mkono wake. Aliugeuza, akautazama upande wa kiganja.

Baba yake ndiye aliyesema. "Mtoto hakukataa kuchimba. Niliyekataa ni mimi."

Mzungu alisema neno moja, mnyapara akalitafsiri. Viboko kumi, kisha tuta liondoke ndani ya siku tatu. Yule baba alivua shuka lake, akalikunja vizuri kana kwamba anakwenda kuoga. Kabla ya kulala chini alinigeukia.

"Mwalimu, mwondoe mtoto."

Nilimshika mkono tukashuka njia ya migomba. Sauti zilitufuata hata hivyo. Viboko navyo huhesabiwa kuanzia moja. Tulipofika kwenye mfereji aliuliza bila kuinua uso:

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nikamwambia, "Tutaangalia kesho."

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Benchi lake lilikaa tupu na mimi nilifundisha nyimbo tu. Rula niliifungia ndani ya sanduku. Watoto wenzake waliniambia kwamba nyumbani anakataa hata kushika mwiko. Anasema mkono wake una mkosi.

Nimewahi kusimulia kwamba nilipigana na simba pale juu ya msitu. Simba yule, kama alikuwepo, hakunipa kazi kama kile kilima kifupi cha kwenda nyumbani kwao. Mama wa nyumba aliitikia salamu yangu akiendelea kumenya ndizi. Baba alikuwa amelala kifudifudi juu ya majani makavu, mgongo umepakwa dawa ya mizizi. Binti alikuwa nyuma ya nguzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilipiga magoti chini, nikatoa rula. Nilimwita binti aje aone. Alikuja nusu ya njia. Nikamwonyesha mstari mtupu.

"Siku ile uliniuliza tuanzie hapa au kwenye moja. Jibu ni hapa. Niliyekosea ni mimi. Wewe ulipima sawasawa na nilivyokufundisha, na nilikufundisha vibaya. Na pale barabarani nilijua, nikakusingizia."

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama. Kisha baba akasema, uso ukiwa bado kwenye majani:

"Niliona uso wako ulipoinama. Nilijua." Akapumua. "Nilikuwa nasubiri nione utachukua siku ngapi."

"Nisamehe, mzee."

"Tuta bado lipo. Siku ya tatu ni leo. Jembe liko nyuma ya mlango."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hata baadaye, na kanisani alihamia benchi la upande wa pili mpaka tulipokuwa wazee wote wawili.

Nilichimba tangu jua la utosi. Ningependa kuwaambia kwamba mawe yale yalikuwa makubwa kama ng'ombe. Yalikuwa mawe ya kawaida, na mikono yangu ilitoka malengelenge ya kawaida. Mnyapara alipita, akanitazama, akasema, "Mwalimu, leo somo gani?" akaenda zake. Jua likiwa limelalia upande wa Monduli, binti akatokea. Hakunisalimu. Alichukua rula kutoka kwenye koti langu nililolitundika kwenye kisiki, akapiga magoti pale kipande cha baba yake kilipokuwa kimeishia.

Aliweka mstari mtupu kwenye mpaka ule, akausogeza kidogo, akautazama kwa jicho moja. Akaweka alama ya mkaa. Akahamisha rula. Mstari mtupu tena. Alipofika ukingoni mwa kipande cha jirani alikaa chini, akapima tena tangu mwanzo, kimya, midomo ikihesabu.

"Sabini na saba, si themanini; rula imewekwa mara tatu," akasema mwishowe. "Lakini hapa kwenye kona bado pamebaki udongo. Kama kidole kimoja."

Nikaangalia. Mimi sikuona kitu.

"Kidole kizima?"

"Sentimita moja, mwalimu."

Nikachukua jembe, nikaiondoa.