Safu ya Maoni

Kabla ya barua pepe, taarifa za halmashauri yetu ziliwafikia madiwani kwa miguu na kwa boti. Idara zikishaandika zilichofanya katika robo mwaka, mimi, katibu muhtasi, nilichapa, nikadurufu, nikabana, na tarishi akayabeba makabrasha, mazito kama matofali. Alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Madiwani wa mjini aliwamaliza asubuhi moja. Kwa wale wa mwambao wa kaskazini wa ziwa ilimbidi ateremke bandarini Kibirizi, apande boti ya Kagunga, ashuke kijiji kwa kijiji.

Kijiji kimojawapo ndiko nilikozaliwa. Mama yangu alikuwa bado anaishi pale, peke yake, akianika dagaa na kulima mihogo mlimani.

Tarishi alitembea na daftari la kupokelea: jina, tarehe, sahihi, na mwishoni safu ya maoni. Madiwani wote waliiacha tupu isipokuwa wa kijijini kwetu, mwalimu mstaafu ambaye hakuweza kuona nafasi tupu akaipita. Aliandika: "Nimepokea. Ukurasa wa sita umerudiwa. Mama yako hajambo, jana alikuwa shamba." Au: "Nimepokea. Mama yako anakohoa, tumempelekea asali." Tarishi akirudi, nilimpokonya lile daftari kabla hajakaa.

Simu mama alikuwa nayo. Lakini kwenye simu mama yangu alikuwa mwongo, Mungu amrehemu. "Mzima tu, mwana wanje, mwanangu, wewe fanya kazi." Mguu umemvimba, mzima. Homa imemlaza siku tatu, mzima. Na majirani aliwakataza kunisumbua. Kwa hiyo nilipiga simu ili nisikie sauti yake, na hali yake nikaisoma kwenye daftari.

Barua pepe niliipigania mimi, simsingizii mtu. Nilichoshwa na mashine ya kudurufu iliyotafuna karatasi kila siku ya haraka. Madiwani walipopewa vishikwambi, niliwafundisha ukumbini siku mbili, kichwa kimenivimba. Siku ya pili tarishi, aliyekaa viti vya nyuma, alinyoosha mkono.

"Na majibu nani atayaleta?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikamjibu, "Mzee, majibu yatajileta yenyewe."

Na kweli yalijileta, ila hakuna aliyeambiwa ayafungue. Anwani ya ofisi ilianzishwa kwa ajili ya kutuma. Mwongozo ulisema taarifa ziwafikie madiwani siku saba kabla ya kikao, basi. Nilituma, nikaona imekwenda, nikafunga, nikaenda kunywa chai. Tarishi alihamishiwa getini kuandika majina ya wageni. Nilikuwa nampita kila asubuhi, "Shikamoo mzee," "Marahaba," na sikujiuliza hata mara moja safu yangu imepotelea wapi. Nilimpigia mama, akasema mzima, nikaanza kumwamini. Ilikuwa rahisi kumwamini.

Taarifa ya robo ya tatu niliituma Jumatatu. Jumamosi asubuhi, nikifua nyumbani Buzebazeba, jirani yake mama alinipigia kuniambia mama amefariki.

Nilipanda boti mchana uleule. Msibani diwani alikuja kunipa mkono.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Pole sana, binti yangu." Aliangalia pembeni. "Nilijua una kazi nyingi."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kufariji tu, mzee amekosa la kusema. Wanawake wakaniita ndani, nikaenda.

Siku niliyorudi kazini ndipo maneno yale yalinirudia. Nilifungua anwani ya ofisi, nikaingia mahali ambapo sikuwahi kuingia. Diwani wetu alikuwa amejibu mara tatu, kila robo, kwa mpangilio uleule wa daftari. Jibu la mwisho aliliandika Jumanne:

"Nimepokea. Ukurasa wa tisa unasema bomba la shule limekamilika. Halijakamilika. Maoni: Mama yako leo siku ya nne hali chakula. Amenikataza nisikwambie. Anakutaja. Njoo."

Boti za Kagunga zipo. Jumatano ningekuwa nimefika. Ningekuwa na siku tatu za kumlisha uji kwa kijiko, na yeye ananidanganya uso kwa uso kwamba ni mzima. Nililia pale kwenye meza, nikatoka nje hadi getini. Nilimweleza tarishi yote. Hakunikumbusha swali lake. Alinisogezea kiti chake, yeye akasimama.

Kikao kilipofika nilimngoja diwani mlangoni, nikamwambia ujumbe wake niliusoma mama akiwa ameshazikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilidhani umesoma," alisema, "nikakulaumu moyoni. Nisamehe." Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Siku hizi majibu nayafungua kila asubuhi kabla sijavua koti. Lake huwa la kwanza kufika. Amepokea, ukurasa fulani una kosa, bomba bado. Chini kabisa bado huandika "Maoni", kwa kuwa hawezi kuipita nafasi tupu, na mbele yake huandika "Hakuna."