Mizigo Kumi na Miwili

Usiku ule nililala na orodha ya vifaa kifuani, kalamu bado imo mkononi. Mimi si mtu wa ndoto, niseme mapema. Mume wangu akianza kusimulia zake asubuhi, mimi huwa nimeshafika jikoni. Lakini hii naisimulia, na atakayecheka acheke.

Kazi yangu ni kuongoza wapanda mlima, hapa kwetu Kilimanjaro. Zilibaki siku mbili niondoke na wageni wanne waliotaka kupandia Pengo la Magharibi, ile njia ya mawe na barafu inayokwea ukutani moja kwa moja hadi kwenye kreta, lile shimo la volkano, kisha walale humohumo chini ya kilele. Njia hiyo haina mchezo. Usiku barafu huyashika mawe, jua likiyagusa yanaachia, na yakiachia hayapigi honi. Kwa hiyo nilipanga kila kitu: kibali, kamba mbili, mashoka ya barafu, vyuma vya kufunga chini ya viatu, saa ya kutoka kambini. Helmeti sita. Nilipiga tiki kila mstari, nikajiona mtu wa maana, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta kwenye geti la hifadhi, pale wagumu wanapopimiwa mizigo. Wagumu ndio wapagazi wetu, ndivyo tunavyowaita, na jina limewakaa. Siku zote pale ni kelele, huyu anavuta gunia, yule anagombea foleni. Lakini sasa kimya, ukungu mtupu, na kwenye mizani amesimama Mzee Aminieli.

Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kazi, wakati viongozi wengine wanasema mwanamke atalia kambi ya tatu. Alifariki masika yaliyopita, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kifua. Udongo wa kaburi lake niliutupa kwa mkono huuhuu. Na mle ndotoni nilijua kabisa kwamba amekufa. Hilo ndilo lililonitisha, nilijua, na bado nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mzee Aminieli, aliyekuwa akiitikia shikamoo hata ya mtoto anayepita mbali barabarani! Alinyoosha mkono tu, nikampa orodha. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama zamani.

"Watu wangapi?"

"Sita, mzee. Wageni wanne, mimi na msaidizi wangu."

Kidole kikashuka hadi chini ya ukurasa.

"Na hawa?"

"Hiyo ni mizigo, mzee. Mizigo kumi na miwili."

Ndivyo tunavyosema kazini. Hakuna anayeuliza una wagumu wangapi, utaulizwa una mizigo mingapi. Mzigo mmoja, mgumu mmoja, hesabu imekwisha. Mzee akanitazama mpaka uso ukanichoma.

"Twende," akasema.

Na geti halipo tena. Tuko chini ya ukuta wa Pengo, baridi inaingia hadi kwenye meno, na anga upande wa juu imeanza kupauka. Nageuka kutazama saa, saa haina mishale. Nyuma yangu wamesimama wote kwa mstari: wageni, msaidizi wangu, kisha wagumu, mizigo vichwani. Tumechelewa. Sijui nimejuaje, lakini najua tumechelewa.

Hapa niseme jambo la mzee huyu. Enzi za uhai wake, asubuhi ya kupanda ukuta ule alikuwa akipita kwenye mstari, anagonga helmeti ya kila mtu kwa kifundo cha kidole. "Hodi!" Na wewe lazima ujibu, "Karibu!" Wageni walipenda sana, walicheka. Sisi tuliokuwa tunajua hatukucheka. Katika ujana wake jiwe lilimpiga mgumu wake pale ukutani, mtu amebeba hema kichwani, na mzee alimshusha mlimani amemfunga ndani ya hema lilelile. Kuanzia siku hiyo hakuna mgumu wake aliyepita Pengo. Mzigo ukikaa kichwani, helmeti haikai. Basi aliwapitisha njia ya chini, wauzunguke mlima, wakutane na wageni upande wa pili.

Yote hayo nilikuwa nayajua, jamani. Siwezi kusingizia ujinga. Ila wageni walitaka kulala kreta, na ukitaka kulala kreta hema na gesi lazima vipande, na hema halina miguu. Nilikuwa nimeona wenzangu wanapitisha wagumu pale na wanarudi wazima. Nikasema, na mimi je?

Mzee anaanza kupita. Anagonga helmeti ya mgeni wa kwanza, ko, ko. "Hodi!" Mgeni anajibu, "Karibu!" Wa pili, wa tatu, wa nne. Msaidizi wangu anajibu. Mimi ananigonga kwa nguvu hadi taya linacheza, nami najibu.

Kisha anakwenda kwa wagumu.

Nyuso zao sizioni, mizigo imezitia kivuli. Anagonga gunia la kwanza. "Hodi!" Kimya. La pili. "Hodi!" Kimya. Nataka kuwajibia, mdomo umeganda. La tatu, la nne, la tano, mzee haharakishi hata kidogo, na jua linatokeza juu kabisa ya ukuta, zuri la dhahabu, nikalichukia jua lile kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Kokoto moja inashuka, ti, ti, ti, inasimama karibu na kiatu changu. Halafu nyingine.

Kwa mgumu wa mwisho mzee hagongi mzigo. Anautua mwenyewe, taratibu. Ni mtungi wa gesi uliofungwa kwa kamba ya bluu, na fundo lile nalifahamu. Ni la kaka yangu Godlisten, mpishi wetu, naye huhesabiwa humo kwenye mizigo, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Kichwa chake kiko wazi. Mvi zimeanza, na mimi sikuwahi kuziona.

Mzee anamgonga kwenye paji la uso, polepole sana.

"Hodi."

Kaka hamtazami mzee. Ananitazama mimi. Hajibu.

"Mzee, inatosha!" nikapiga kelele. "Inatosha, nimeelewa!"

"Hesabu tena," akasema. Na juu yetu kitu kikubwa kikaachia.

Nikaamka nimekaa, chandarua kimenizonga shingoni, mume wangu ameshika bega langu. "We! Una nini? Umemwita Godlisten hadi mbwa wamebweka." Jogoo walishaanza kuwika. Niliokota orodha sakafuni, nikakaa mezani, nikafuta pale palipoandikwa mizigo kumi na miwili, nikaanza kuandika majina. Niliandika kumi. Wawili nilikuwa siwajui majina. Nimepanga kuwapitisha watu chini ya mawe yale na majina yao siyajui! Nililia, sioni haya kusema.

Halafu nikapanga upya. Hakuna kulala kreta. Wagumu wazunguke njia ya chini na mahema na gesi, watusubiri kambi ya upande wa pili. Wageni na sisi viongozi tupande wepesi, kila mtu na begi lake mgongoni, helmeti kichwani, tuvuke kilele na kushuka siku hiyohiyo. Wageni watanuna. Wanune.

Nikampigia kaka simu. Alipokea upesi, kama mtu aliyekuwa macho.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

"Hampandi Pengo. Ninyi wote mnapita chini."

Nikasikia kitanda chake kikilia, ameketi.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikuwa naogopa. Siku tatu chakula hakipiti. Ila nilishindwa kukuambia, maana wewe ndiye kiongozi."

Nikakunja kidole, nikagonga meza mara mbili, karibu na simu ili asikie.

"Hodi," nikasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Karibu," akaitikia kaka yangu.